Chumba cha Nyuma ni cha Vitambaa

Mimi ni fundi cherehani, na sipendi kuzungukazunguka kwa maneno. Binti yangu ana miaka mitano. Tunamwita Fundi Mdogo. Kila asubuhi nikifungua duka, hukaa chini ya meza ya kukatia, anapanga vifungo mstari mrefu. Vyeupe, vya bluu, vyekundu. Ukimwita hageuki. Haongei. Cherehani ikikimbia sana, huziba masikio.

Wenye midomo hawakukosa la kusema. Mara amelogwa, mara nimemdekeza. Wifi yangu ndiye aliyeongoza. Alisema wateja wakija nimfungie chumba cha nyuma, nisijiharibie kazi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimfungia. Mara mbili.

Kisha nikafanya kosa jingine. Nilidhani vifungo ndivyo vinavyomzuia kuongea. Nikavificha juu ya kabati, nikasema akivitaka atavitaja. Hakuvitaja. Alilia siku tatu, anajigonga kichwa ukutani, nami nikalia naye.

Siku ya tatu alikuja muuguzi wa zahanati kupimwa sare. Nilipomweleza kisa, akaniomba nivirudishe vifungo. Nikavirudisha, kilio kikapungua mpaka kikaisha. Muuguzi akavua viatu, akaketi sakafuni, akamsogezea mtoto kifungo kimoja cha bluu. Mtoto akakipanga. Akamsogezea kingine. Kufika cha tano, mwanangu alimtazama usoni. Hata mimi mama yake huwa hanitazami hivyo.

Muuguzi alisema huenda ni usonji, lakini hawezi kuthibitisha kwa kutazama mara moja. Alituelekeza kwa mtaalamu wa maendeleo ya watoto. Mtaalamu akampima, akathibitisha. Nilirudi kwa muuguzi nimenywea.

"Nimekosea wapi kumlea?" nikamuuliza.

"Hukusababisha wewe. Usonji si laana, si malezi mabaya, wala hauambukizi. Ubongo wake unafanya kazi kwa namna yake. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini akisaidiwa mapema atajifunza mengi."

"Na vifungo?"

"Anavipenda. Anzia hapo."

Alinielekeza nitumie maneno machache, mambo ya kila siku yafuate utaratibu uleule, na nimwoneshe picha ya kitu ninachokitaja. Picha hazitamzuia kuongea, alisema. Zitampa njia ya kueleza anachotaka.

Picha za karatasi mtoto alizichana zote. Haya, mimi ni fundi au si fundi? Nilidarizi kwenye vipande vya kitambaa: kikombe, kiatu, kitanda, choo, na sikio lililozibwa kwa mkono. Kila kipande nikakitoboa tundu la kifungo. Nikashona vifungo kwenye utepe mpana, nikautundika ukutani, nikavifungia vile vipande pale.

Kila nikimpa maji, nilimwonesha kikombe. Wiki zikapita, hola. Nilipokaa nimeshika tama, mume wangu alinipokea, akawa anamwonesha yeye asubuhi kabla ya kwenda kazini. Siku moja Fundi Mdogo akafungua kikombe ukutani, akaniletea. Aliomba maji mwanangu. Nilimimina papo hapo, nikampa.

Ndipo wifi alipokuja na wenzake wanne kupimwa nguo za sherehe. Vicheko juu, cherehani inanguruma. Akaniinamia nikiwa bado nashona.

"Wifi, mtoe mtoto. Mweke nyuma, tutaaibika."

"Chumba cha nyuma ni cha vitambaa," nilisema, wote wasikie. "Binti yangu hafichwi tena. Asiyetaka kumwona, mafundi wapo wengi."

Wifi akaja juu. Alifoka kwamba namdhalilisha mbele za watu, kwamba ukoo wao haujawahi kuona mtoto wa namna hii. Fundi Mdogo akatoka chini ya meza, kaziba sikio moja. Kwa mkono wa pili akafungua kipande ukutani, akakitia kiganjani mwa shangazi yake.

Wifi akakigeuzageuza. "Hiki nini?"

"Sikio. Anakuomba upunguze sauti."

Nilisimamisha cherehani. Wifi akakitazama tena kile kipande. Miaka yote amewaambia watu kwamba mtoto huyu hana la kusema, na sasa la kusema analo mkononi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema polepole.

Mtoto alisharudi kwenye vifungo vyake. Niliwapima wote watano kwa kunong'ona, na hakuna aliyekwenda kwa fundi mwingine.