Malta Haina Mto

"Simamisha gitaa!"

Nilipiga ukelele huo pale Otonglo, kwenye harusi ya binamu yangu, Januari ya mwaka themanini na tisa, nikarusha noti jukwaani. Gitaa zikanyamaza. Kwetu Wajaluo hiyo ndiyo pakruok: unawapa wanamuziki chochote, wimbo unasimama, unajisifu mpaka pumzi ikuishie, halafu ngoma inaendelea. Hakuna anayekudai ushahidi. Ukisema ulimfunga kiboko kamba ukamkama maziwa, watu wanashangilia na kuomba chai.

"Mimi ni Ouma, fundi wa mashua wa Dunga!" nikanguruma. "Ouma aliyekanyaga Malta! Nimeona mashua zenye macho! Nimesimama ndani ya kanisa lililotobolewa paa na bomu la Wajerumani, watu mia tatu wakiwa kwenye ibada, na bomu likakataa kulipuka!"

"Weee!" umati ukalipuka badala ya lile bomu. Mama mmoja akaja kunifuta jasho kwa leso yake.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Dorca Awuor, muuguzi wa hospitali ya Kombewa, msichana niliyekuwa nimeapa kumwoa, alichukua mkoba wake akatoka. Nilimfuata mbio mpaka barabarani, jua likitupiga utosini.

"Awuor! Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Wewe rudi ukame viboko."

"Lakini hayo niliyosema ni kweli!"

"Ouma, Desemba nzima umepotea. Krismasi nimekula na Baba, kila gari likisimama naangalia mlango. Jirani yetu Absalom amekuona Sondu na mwanamke wa gauni la njano. Sasa unarudi unaniambia ulikuwa Ulaya?"

"Nilikuaga! Nilikwambia Padri Karmenu wa parokia yetu anaenda kwao Malta likizo, na amenialika nikaone mashua za kaka yake."

"Na mwaka juzi uliniaga ukasema unaenda kumwoa binti wa mfalme wa Uganda. Nikakukuta Dunga unakula omena."

"Ule ulikuwa mzaha."

"Haya. Nionyeshe pasipoti."

Hapo nikakohoa.

"Imemezwa na mbuta."

Awuor aliniangalia jinsi anavyomwangalia mgonjwa aliyetupa dawa dirishani.

"Nisikilize! Nilikuwa nawaonyesha wavuvi, ikateleza ikaanguka ziwani pamoja na picha zote. Mara akaja mbuta, bwana, samaki mkubwa kama mlango wa kanisa..."

"Na Padri?"

"Amebaki kwao. Mama yake anaumwa."

"Bila shaka anaumwa," akasema. "Msalimie mbuta."

Akapanda gari akaenda. Wiki hiyo sikushika msumari. Mwishowe niliingia kwenye kibanda cha simu pale posta ya Kisumu, mfuko umejaa sarafu, nikaita hospitalini.

"Naomba kuongea na Sista Awuor."

"Ndiye mimi. Ongea haraka, nina watoto wa chanjo hapa, unawasikia wanavyolia."

"Wazee wangu waje kwenu Jumamosi au wasije?"

Simu ikameza sarafu mbili.

"Waje," akasema. "Baba ameshanunua sukari. Lakini Ouma, habari ya Sondu imemfikia. Atauliza Desemba ulikuwa wapi. Ukiongeza chumvi hata punje moja, nitatoka jikoni mimi mwenyewe niseme sikutaki. Nimechoka kupenda mtu ambaye sijui ni saa gani yuko ndani ya pakruok na saa gani yuko nje."

"Awuor, mimi..."

Simu ikakata. Sarafu zilikuwa zimeisha.

Jumamosi tukafika kwa Mzee Dalmas, baba yake Awuor. Mzee huyo alikuwa mrefu, mkavu, na alichukia uongo kuliko panya. Aliwahi kuwa jeshini Misri wakati wa vita, lakini habari za vita hakumsimulia mtu. Msemaji wetu alikuwa Ogola, jagam, yaani mshenga. Kazi ya jagam ni kumpamba kijana mpaka wakwe wajione wana bahati. Kazi ya kijana ni kunyamaza na kuhesabu vidole vya miguu. Kumkatiza jagam wako mbele ya wakwe ni sawa na kuvua suruali kanisani; nimeona posa zikivunjika kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Malta niachie mimi," Ogola alikuwa ameninong'oneza getini. "Wewe funga mdomo."

Chai ikamiminwa. Mzee Dalmas akaweka kikombe chini.

"Kijana huyu Desemba alikuwa wapi?"

"Ulaya, Mzee!" Ogola akaruka. "Nchi inaitwa Malta! Nchi kubwa, unatembea mwezi mzima hujaona mpaka!"

Nilihesabu vidole vya miguu. Awuor alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, thermosi mkononi.

"Malta," Mzee akasema polepole. "Na kuna mto unaopita katikati ya mji wao. Si ndiyo?"

"Mto, Mzee? Mto wetu wa Sondu ni mfereji mbele ya ule! Na kijana wetu aliuvuka kwa kuogelea, viboko wakampisha njia!"

Wazee wa upande wetu wakaguna kwa raha. Nami, Mungu anisamehe, niliuona mto ule. Niliwaona viboko wakinipisha, na ulimi ukaanza kuniwasha nikitaka kuongeza mamba. Nikainua macho. Awuor alikuwa anaiweka thermosi chini, kama mtu anayetaka mikono iwe huru.

"Baba," nikasema, "Malta haina mto."

Ogola akanikanyaga mguu kwa kisigino.

"Uchovu wa safari, Mzee," akasema.

"Sijachoka. Haina mto hata mmoja, na wala si kubwa. Kwa baiskeli unaizunguka kabla ya jua kuzama. Sikuogelea popote. Maji yalikuwa baridi, niliogopa."

"Posa imekufa," mjomba wangu akanong'ona.

Mzee Dalmas hakusogea. "Endelea."

"Mji mkuu una ngome za mawe upande wote wa bahari. Padri alinipeleka pia kuona mahekalu ya kale sana, jiwe moja refu kuliko paa la hii nyumba yako. Wanasema yalijengwa na jitu la kike, mtoto mgongoni, likila maharagwe na asali. Hilo ni neno lao, silo langu. Kwenye mashua wanachora macho mawili mbele ili ione njia. Na lile kanisa..."

"Bomu lilitoboa paa," Mzee akanikatiza. "Halafu?"

"Likateleza sakafuni kama mtoto kwenye matope, likasimama. Hakufa mtu."

"Na saa?"

"Saa za kanisani?"

"Ziko ngapi?"

Nilijua jibu lingenimaliza, maana halikuwa na sura ya ukweli. Nikalisema hivyo hivyo.

"Makanisa mengi yana mbili, Baba. Moja inasema kweli na nyingine inadanganya, ili shetani asijue ibada inaanza wakati gani."

Ogola akafunika uso. "Hata mimi nisingethubutu hiyo," akasema.

Mzee Dalmas akavua miwani. Mabega yakaanza kumtikisika. Tulidhani analia, kumbe anacheka, halafu tukaona anafanya yote mawili.

"Meli yetu iliharibika injini tukitoka Misri kwenda Ulaya," akasema. "Ikavutwa mpaka pale. Nilisimama katika kanisa hilo nikaangalia juu, pale paani bomu lilipopita. Niliporudi nikasimulia. Mama yake Awuor akanishika paji la uso aone kama nina homa. Ndugu zangu wakasema vita vimenigeuza kichwa, wakaniita Bomu Bubu. Nikafunga mdomo. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa."

Awuor akaja akakaa kwenye mkono wa kiti chake.

"Baba, hata mimi hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Awuor akaniangalia, kisha akaangalia sakafu. "Jana, hapana."

"Na yule wa Sondu?" shangazi yake Awuor akauliza, hakutaka kupoteza habari yake.

"Aliyeona zile saa Desemba hakuwa Sondu," Mzee akajibu. "Awuor, mpeleke Absalom hospitalini kwako apimwe macho."

Ogola alikuwa amevimba kama chura. Jagam aliyekatizwa hadharani ana haki ya kukasirika, na alikasirika mpaka alipopewa jogoo mwekundu. Hapo akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyefanikisha posa.

Baadaye nilimkuta Awuor nyuma ya jiko.

"Ouma."

"Naam."

"Mbuta alimeza pasipoti kweli?"

"Ilianguka majini. Yaliyotokea chini sikuyaona."

"Kwa hiyo mbuta..."

"Mbuta nilimwongeza."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nenda kale chakula," akasema, "kabla sijabadilisha nia."

Tulifunga ndoa Aprili. Nilikuja kumchukua kwa mashua niliyoichora macho mawili, na watu wa Dunga waliocheka siku ile walikuja baadaye mmoja mmoja kuniomba niwachoree yao. Mzee Dalmas alituzawadia saa mbili za ukutani. Ya kulia aliipatanisha na redio. Ya kushoto aliizungusha mishale ovyo.

"Ukirudi na maneno yako ya Dunga," akaniambia, "simama chini ya ile ya kushoto, useme mpaka uchoke. Ukiwa na neno kwa mwanangu, simama chini ya hii."

Zote mbili bado zinatembea. Jioni nikiingia, Awuor haniulizi nilikuwa wapi. Anaangalia tu nimesimama upande gani, kisha anamimina chai.