Iache Ipate Joto Kwanza

Kila Alhamisi, baada ya masomo, Tuva na Aslak walikwenda moja kwa moja kwenye klabu ya vijana, katika chumba cha chini cha shule ya zamani ya Skarvneset. Walivua mabuti mlangoni, wakatundika makoti, wakaanika glavu juu ya kipasha joto, kisha wakaketi mezani na kuanza kubishana. Januari hiyo, kama kila Januari kijijini kwetu huku kaskazini ya mbali, jua lilikuwa bado limejificha nyuma ya milima, na watu walikuwa na muda mwingi wa kubishana. Lakini ubishi wa hawa wawili ulihusu jambo moja tu, kompyuta.

Klabu ilikuwa na kompyuta moja kuukuu. Ukiiwekea mchezo mpya, ilinguruma, ikatoa joto, halafu ikagoma. Kwa hiyo watoto wa klabu walifanya kile ambacho kila klabu ya kwetu hufanya ikihitaji fedha. Waliitisha msaragambo wa kuuza karatasi za chooni nyumba kwa nyumba. Miezi miwili walikokota mabunda kwenye sleji za kuteleza juu ya theluji, huku theluji ikiwapiga usoni. Hedda, mwenye miaka kumi, aliwashinda wote kwa mauzo, kwa sababu hakuwa na haya hata chembe. Mtu akisita mlangoni, Hedda alimwuliza, "Na wageni wa Krismasi wakija? Watajipangusa na gazeti?"

Fedha zilizopatikana zilitosha kompyuta ya wastani, nzuri ya kuchezea michezo lakini si ya kitajiri. Tuva na Aslak, wote wa miaka kumi na mitatu, ndio waliopewa kazi ya kuchagua vipuri, kwa kuwa walijua mambo hayo kuliko wenzao. Tuva alijua zaidi, na tatizo ni kwamba alijua kuwa anajua.

"Kadi ya picha tuchukue ya kati," alisema Aslak. "Skrini yetu ni ya kawaida. Kadi kubwa itachora picha ambazo skrini haiwezi hata kuzionyesha."

"Sawa. Na prosesa, huo ubongo wake, nayo ya kati. Moja isiwe inakimbia huku mwenzake anachechemea."

"Tumebakiza pawa saplai."

"Chukua hii ya bei poa," Tuva alisema haraka. "Kazi yake si kupitisha umeme tu? Halafu tunapata hela ya kasha hili. Tazama, Aslak! Ubavu wa kioo, na feni tatu zinazowaka rangi!"

"Unataka kompyuta au mti wa Krismasi?"

"Nataka mtu akiingia hapa abaki mdomo wazi."

"Kwa baridi hii? Ataganda ulimi." Aslak aligeuza skrini upande wake. "Sikiliza. Pawa saplai nzuri, umeme ukienda vibaya, inakata yenyewe. Hiyo ya bei poa ikifa, inakufa na majirani zake wote."

"Mnasikika hadi barabarani," alisema Turid, akitokea jikoni na sindano zake za kufumia. Turid ndiye aliyeiongoza klabu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na kila mtoto wa kijiji alikuwa na soksi alizofuma yeye. "Pigeni kura na wenzenu, basi."

Wakapiga kura. Aslak akapata pawa saplai yake nzuri, Tuva akapata kasha lake la kioo, na ili hesabu ikubali, wakachagua diski ndogo kuliko waliyoitaka mwanzoni. Turid akaagiza vipuri kutoka duka moja la mjini.

Mzigo ulichukuliwa Ijumaa wiki iliyofuata. Ulikuwa umelala usiku mzima katika banda la nyuma ya duka la kijiji, mahali pasipo na joto, na nje baridi ilikuwa ya kukatisha pumzi. Tuva aliufuata kwa sleji, akausukuma hadi klabu, akauingiza ndani huku nyusi zake zikiwa nyeupe kwa barafu.

"Uweke chumba cha pembeni," Turid alimwambia. "Kompyuta iache ipate joto kwanza. Leo hakuna kuigusa. Kesho wenzako wakija tutaiunda pamoja."

"Najua, Turid."

Na kweli alijua. Nani kwetu asiyejua kwamba kitu chenye baridi kikiingia penye joto hulowa, na kwamba maji na umeme havipatani? Ukiingia na miwani kutoka nje, unapofuka kwa ukungu papo hapo. Hata mpiga fidla akifika harusini husubiri kwanza kabla ya kufungua sanduku la fidla yake.

Turid akaingia jikoni kupika supu ya samaki. Mvuke ulijaa hadi ukumbini, ukachanganyika na unyevu wa makoti na glavu zilizoanikwa. Tuva alibaki na mzigo peke yake. Alijiambia ataufungua tu, aangalie. Kisha akajiambia ataitoa bodi tu, ile kubwa ambayo vipuri vingine vyote huchomekwa juu yake. Kisha akakumbuka kwamba mafundi hujaribu vipuri juu ya meza kabla ya kuvifunga ndani ya kasha. Basi akaipachika prosesa, akaunganisha pawa saplai. Alijiona kesho yake akiwaambia wenzake, "Mimi nimeshaijaribu, inafanya kazi."

Bodi ilikuwa imepata ukungu kama dirisha la jikoni. Tuva aliipangusa kwa mkono wa sweta, akawasha.

Feni ilizunguka mara moja. Pakatoka mlio mdogo, "tak!", na harufu kama ya nywele zilizoungua. Kisha kimya.

Tuva alichomoa waya. Alirudisha kila kitu kwenye boksi lake, akabandika upya utepe wa gundi, akaaga kutoka mlangoni. Turid akamwita, "Huli supu?" Akajibu kwamba tumbo linamuuma.

Jumamosi watoto wote walikusanyika. Aslak alipanga vipuri juu ya meza, Tuva akamsaidia. Walipowasha, hakuna kilichotokea. Wakajaribu tena. Wapi!

"Labda imekasirika," alisema Hedda. "Ipigeni kidogo."

Turid hakuwa na papara. Aliichukua pawa saplai, akaiunganisha kwenye kompyuta kuukuu. Ikafanya kazi. Akaijaribu na kadi ya picha. Nayo ikafanya kazi.

"Basi ni bodi," alisema Aslak. "Imekuja mbovu. Mambo haya hutokea. Duka litatuletea nyingine bure."

Watoto wakashusha pumzi, wakaanza kucheka tena. Tuva naye alishusha pumzi. Aliona ajabu jinsi jambo lilivyojimaliza lenyewe, wala hakulazimika kusema uongo. Ilimtosha kukaa kimya.

Turid aliweka simu katikati ya meza ili wote wasikie, akalipigia duka. Aliyepokea alikuwa Vidar, mwenye duka mwenyewe.

"Bodi mbovu hutokea mara moja moja," Vidar alisema kwa upole. "Nina swali moja tu, maana huko kwenu najua hali ilivyo. Mliiacha ipate joto kabla ya kuiwasha?"

"Usiku mzima," Turid alijibu. "Msichana wetu Tuva ndiye aliyeupokea mzigo. Tuva nikimwambia jambo, sina haja ya kulirudia. Hilo naliwekea jina langu."

"Basi neno lako linanitosha, Turid. Jumatatu natuma nyingine, hamlipi kitu."

Tuva aliyatazama mabuti yake. Uongo ambao hakuutamka yeye ulikuwa umetamkwa na Turid, tena kwa moyo mweupe, mbele ya watu wote. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Subirini," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Haikupata joto. Niliiwasha jana, mara tu baada ya kuileta. Nimeiunguza mimi."

Watoto wakamgeukia wote pamoja.

"Nilitaka kuwa wa kwanza," Tuva aliendelea, machozi yakimlengalenga. "Turid hakujua. Msimlaumu."

Vidar alikohoa kidogo. "Ahsante kwa kusema, binti. Ila unaelewa kwamba sasa siwezi kuituma bure?"

"Naelewa."

"Mimi nilitumbukia kwenye mtaro wa theluji mara mbili kwa ajili ya hiyo bodi!" Hedda alipiga kelele. "Mara mbili, Tuva! Na karatasi zikalowa!"

Aslak hakupiga kelele, na hilo lilimuuma Tuva zaidi. "Ungeniambia hata mimi," alisema tu.

Tuva alijifuta macho. Pembeni, bado ndani ya nailoni yake, lilikuwapo kasha la kioo lenye feni tatu za rangi. Hakuna aliyelifungua, kwa kuwa vipuri vilijaribiwa mezani. Alikuwa amelitamani kasha lile wiki nyingi, hata akalichora pembeni mwa daftari lake la hisabati.

"Vidar," aliita kwenye simu, "kitu ambacho hakijafunguliwa mnakipokea?"

"Tunakipokea na kurudisha fedha."

"Basi naomba wenzangu wakubali turudishe kasha. Fedha yake inunue bodi. Itakayopungua, nitauza karatasi mimi."

"Na kompyuta tutaiweka wapi? Kwenye sufuria ya supu?" Hedda aliuliza. Bado alikuwa na hasira, lakini mtoto mmoja alicheka, kisha wa pili, na chumba kikaanza kupumua.

"Stoo ya shule kuna makasha ya zamani," alisema Aslak. "Ya bati, yana kutu, lakini vipuri vitaingia. Ila prosesa hatuwezi kuijaribu bila bodi. Kama nayo imeungua, basi."

Wakapiga kura, mikono ikainuka. Wa Hedda uliinuka wa mwisho.

Wiki hiyo, kila jioni, Tuva alisukuma sleji yenye mabunda. Hedda alikwenda naye, eti kumsimamia. "Mlango unagonga wewe, na maelezo unatoa wewe," alimwamuru. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mzee Eilif.

"Karatasi tena?" aliuliza mzee. "Si niliwaungisha kabla ya Krismasi? Mnadhani ninazila?"

Hedda alimtazama Tuva, wala hakumsaidia.

"Nimeunguza bodi ya kompyuta ya klabu," alisema Tuva. "Niliiwasha ikiwa bado na baridi."

Mzee Eilif alicheka hadi akashika mlango. "Mimi niliwahi kuua redio ya baba yangu hivyo hivyo, nikamsingizia paka! Lete mabunda mawili." Tuva naye alicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Kila mlango ulikuwa mgumu kidogo kuliko alivyotaka, na mwepesi kuliko alivyoogopa.

Bodi mpya ilipofika, Hedda alilibandika boksi lake karatasi yenye herufi kubwa: USIGUSE. HASA WEWE TUVA. Ikalala ndani ya ukumbi hadi kesho yake mchana. Aslak aliishika, akaigeuza, ilikuwa kavu na vuguvugu. Wakaipachika prosesa, wote wakijua kwamba kama imekufa, hakuna kasha jingine la kurudisha.

"Washa wewe," Aslak alimwambia Tuva.

"Mimi?"

"Safari hii umesubiri."

Tuva akabonyeza. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, na skrini ikawaka. Watoto walipiga kelele hadi theluji, alisema Turid, ikaporomoka kutoka paani. Ndani ya kasha lile la bati lenye kutu, mchezo ambao kompyuta kuukuu ilikuwa ikiukataa ukaenda laini. Hakuna aliyekumbuka kuuliza taa za rangi.

Turid alimkalisha Tuva pembeni, sindano za kufumia zikiwa zimetulia mapajani.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alimwambia. "Bodi iliungua, duka lilikuwa na nyingine, tukanunua. Pawa saplai ya Aslak ilifanya kazi yake, ikakata umeme mapema, na vipuri vingine vikapona. Nawe ulifanya vivyo hivyo uliposema 'subirini'. Ulikata kabla moto haujafika kwenye jina langu. Jina likiungua, Tuva, hakuna duka linaloliuza."

"Nisamehe, Turid. Ningesema siku ile ile."

"Ungesema siku ile ile, ndiyo. Ungekula na supu yangu." Turid alitabasamu. "Kosa si kama mzigo ule, halihitaji kusubiri. Lifungue mapema mbele ya watu, litatengenezeka. Ukilificha, linaunguza na visivyohusika."

Simu ikaita. Alikuwa Vidar, akitaka kujua kama kazi imekwenda vizuri.

"Na mliiacha ipate joto?" aliuliza.

Turid alimnyooshea Tuva simu. "Mwulize mwenyewe," alisema. "Neno lake linanitosha."