Kiboko Anatangazwa Jumapili

Boksi lilikuwa moja, mikono iliyolishika minne.

Basi la Arusha lilikuwa limeingia stendi ya Babati na kondakta alikuwa anashusha mizigo huku akipiga kelele. Wapiga debe walikuwa wanavuta abiria, muuza karanga anapita katikati yao, na hapo kwenye mlango wa buti kijana mmoja na msichana mmoja wanavutana.

"Achia boksi langu, kaka."

"Langu hili. Soma hapo juu: KADI, BABATI."

"Na mimi nasubiri kadi, Babati. Au Babati ni ya baba yako?"

Madereva wa bajaji wakacheka. Kijana, Venance wa kule Nakwa, akainua macho ili amjibu vizuri. Ikabidi aendelee kuyainua. Msichana alikuwa mrefu. Shingo ndefu, miguu mirefu, na amevaa gauni la kitenge cha njano chenye mabaka ya kahawia.

"We Twiga," alisema, "tulifungue basi, tuone."

"Nani Twiga?"

"Wewe. Ila ni kwa heshima."

Wakalifungua. Ndani zilikuwa kadi za mchezo wa Mashujaa, zinang'aa kwa dhahabu. Msichana, Careen wa Maisaka, akalibeba boksi lake bila kusema asante. La Venance, lenye kadi za Mbuga, lilikuwa limejificha nyuma ya gunia la vitunguu. Alipolitoa, Careen alikuwa ameshavuka barabara.

"Basi niachie hata namba!" akaita.

"Ya nini? Wewe unauza wanyama, mimi nauza mashujaa. Mashujaa wanawinda wanyama!"

Lakini namba alimpa, kesho yake.

Mwaka huo Babati nzima ilikuwa imeshikwa na kadi. Shule zilipofunguliwa Januari, Mashujaa ndio walitawala. Kila pakiti ilikuwa na kadi za wapiganaji, radi mikononi, na wanafunzi walizinunua kama andazi la moto. Careen alikuwa akifungua kibanda asubuhi, kabla ya mchana kimebaki kitupu. Kisha upepo ukageuka. Madereva wa bajaji wakaanza kucheza Mbuga. Sababu ilikuwa nyepesi: kadi ya shujaa ina maandishi mengi kuliko barua ya mahakama, na mtu anayesubiri abiria hana muda wa kusoma. Mbuga unaweka mnyama wako, naweka wangu, mwenye nguvu anamla mwenzake, basi. Kufika Pasaka, hata mafundi cherehani walikuwa wanachapana kadi za Mbuga juu ya meza zao.

Wawili hao walipigana kibiashara mchana kutwa. Jioni walikutana kando ya ziwa, pale viboko wanapokoroma kwenye matete, na walikuwa wamewekeana sheria moja: biashara ya kadi haitajwi.

"Leo umeuzaje, Mama Mashujaa?"

"Sheria, Baba Mbuga!"

"Basi nisikuulize. Nikuangalie tu, Twiga wangu."

"Angalia, ni bure. Ila usinizoee."

"Nitakuzoea vipi na hatujatangazwa? Tukimaliza kuvuna mahindi ya mama, naenda kwa Paroko. Jina lako na langu, kanisani, mbele ya watu wote. Nakutangaza."

Careen akaficha uso kwenye khanga. Alikuwa na siri moja. Bwana Aniceti, wakala mkubwa wa Mashujaa, alikuwa amempigia simu kwamba Babati soko limelala, aende Dodoma, kuna duka zuri linamsubiri. Alikataa. Hakumwambia Venance ni kwa nini alikataa, na Venance hakujua hata kama aliitwa. Wapenzi wana ujinga huo: unatoa zawadi, halafu unaifunga mdomo.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mbuga nayo ikaanza kusuasua. Kadi iliyokuwa ikigombaniwa, Twiga, ilikuwa imechapwa nyingi mno. Kila mfuko Babati ulikuwa na Twiga. Kitu kikiwa kwa kila mtu, nani atakinunua? Kampuni ikatengeneza kadi mpya, Kiboko, na ikawaambia wauzaji wafunge midomo mpaka siku ya kuizindua. Venance alipoona picha yake tu alirukaruka. Watu wa Babati simba wanamwona kwenye kalenda. Kiboko wanamsikia akikoroma, na wengine Nakwa ameshawalia mahindi yao! Kadi hiyo haiwezi kulala dukani.

Jumamosi mchana Careen alimletea makande ya moto. Alikuta kibanda kimefungwa nusu, na sauti ya Venance inatoka nyuma. Alikuwa kwenye simu na Silas, anayemletea mzigo wa jumla kutoka Arusha.

"Silas ndugu yangu, nisikilize. Twiga amechuja. Ndiyo, amechuja kabisa, simtaki tena."

Careen akasimama, chungu mkononi.

"Sikatai, mwanzoni nilimpenda. Kila mtu hapa alikuwa anamtolea macho. Sasa hivi hana mvuto. Mimi ninayemtaka ni Kiboko. Eeh, huyohuyo mnene! Wa hapahapa Babati, nani asiyemjua? Jumapili namtangaza mbele za watu. Twiga? Mpeleke Dodoma huko, huenda wakampenda."

Chungu kikatua chini polepole. Careen hakukitupa, maana makande hayana kosa. Akaondoka.

Usimshangae. Kadi ya Kiboko hajawahi kuisikia. Kiboko anayemjua yeye, na anayejulikana na stendi nzima, ni Kandida muuza chipsi. Kibanda chake kiko ubavuni mwa kibanda cha Venance, kina maandishi mekundu: KANDIDA KIBOKO YAO. Mwanamke mnene, mcheshi, hana mume, na kila siku anamwita Venance "mchumba" akimpa sahani. Na kwa Mkatoliki wa Babati, mtu akisema Jumapili anamtangaza mwanamke mbele za watu, maana yake ni moja tu. Halafu Dodoma! Dodoma ameijulia wapi?

Jioni Venance akampigia Careen, simu ikaita, ikaita. Akapiga tena.

"Haloo, Twiga wangu! Makande nimekula, matamu, ila mpishi mbona kakimbia?"

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje sasa?"

"Usiniite kabisa. Naenda Dodoma, Venance. Si ndiko ulikotaka nipelekwe? Mwambie Kiboko wako namtakia ndoa njema."

"Kiboko? Umejuaje habari za Kiboko? Ilikuwa siri mpaka kesho!"

"Kumbe ni kweli," Careen akasema, na simu ikakatwa. Venance alipopiga tena, namba haikupatikana. Akapiga na kupiga. Mwanamume mzima, akakaa juu ya boksi la Twiga akiwa hajui amekosa nini.

Careen akampigia Bwana Aniceti.

"Shikamoo. Lile duka bado lipo?"

"Marahaba binti yangu. Lipo! Umebadili mawazo?"

"Nimebadilishiwa. Kesho mchana napanda basi."

Jumapili alienda misa ya kwanza na begi lake, amevaa gauni lilelile la mabaka, kwa ubishi. Alikaa benchi la mwisho. Baada ya komunyo katekista akasimama na matangazo ya ndoa, na Careen akashika ukingo wa benchi kama anayeng'olewa jino. Likasomwa jina la kijana wa Mutuka na mchumba wake. Likasomwa jina la mwalimu mmoja na nesi. "Hayo ndiyo matangazo ya leo," katekista akasema, akakaa.

Venance hakusomwa. Kandida hakusomwa.

Nje, Kandida alikuwa anatoka na wanakwaya, jasho linamtiririka, amevaa sare ya bluu iliyombana. Careen akamsogelea kabla hajajizuia.

"Hongera, dada Kandida. Mbona hamkutangazwa?"

"Kutangazwa na nani, mdogo wangu?"

"Na Venance. Nimemsikia kwa masikio yangu. Kasema Twiga amechuja, anamtaka Kiboko, mnene, wa hapahapa Babati."

Kandida akawaacha wanakwaya watangulie. Kisha kifua kikapanda.

"Kasema mnene?"

"Kasema."

"Huyu mtoto ninayemkaangia chipsi? Ananitangaza sijaulizwa, halafu ananiita mnene?" Akamshika Careen mkono. "Twende! Leo atanieleza unene wangu unamhusu nini."

"Mimi nina basi, dada."

"Basi litasubiri. Mimi sisubiri."

Walisikia uwanja wa stendi kabla hawajauona. Spika zilikuwa zinapiga muziki, bajaji zimejipanga, watu wamepanda hadi juu ya ukuta. Katikati alisimama Venance, shati jeupe limepigwa pasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yake palikuwa na bango kubwa lililofunikwa kitambaa. Alishika kipaza sauti kama mtu aliyelazimishwa.

"Watu wa Babati! Leo namtangaza... namtangaza Kiboko!"

Kitambaa kikavutwa. Mnyama akatokea, mkubwa kama lori, kinywa wazi, nyuma yake ziwa lao wenyewe. Uwanja ukalipuka. "Kiboko! Kiboko!" Madereva wakakimbilia pakiti kama watu wanaogawiwa nyama. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba huyo ndiye aliyemlia mahindi yake, apewe boksi zima!

Careen alisimama mdomo wazi kuliko wa kiboko.

"Ni kadi," akasema.

"Ni kadi?" Kandida akauliza.

"Ni kadi, dada. Twiga aliyechuja ni wa kadi. Mungu wangu."

"Kwa hiyo mnene ni yule?"

"Ni yule."

Kandida akamwangalia yule mnyama kwa makini. "Basi nimemsamehe. Yule ni mnene kweli." Akapasua watu kwa mabega, akamnyang'anya Venance kipaza sauti. "Venance! Mchumba wako kasikia unaongea na simu kwamba Twiga amechuja, umpeleke Dodoma. Ana begi mkononi, anaondoka. Jieleze!"

Muziki ukazimwa. Venance akaliangalia begi, akaliangalia bango. Ndipo ikamwingia. Akashika kichwa.

"Twiga! Nilikuwa naongea na Silas! Boksi za Twiga!"

"Nimeshaona," Careen akasema. "Si ungesema 'kadi ya Twiga imechuja'? Nani anaongea kadi kama mtu?"

"Wote tunaongea hivyo! Mnyama hata akiwa wa karatasi ni 'amechuja'. Ningesema 'Twiga imechuja', mwalimu wangu wa Kiswahili angenichapa."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Careen hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mimi Dodoma nilishaikataa mara moja kwa ajili yako. Hukujua."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia habari za Kiboko."

"Ilikuwa sheria yetu."

"Sheria mbovu."

"Imefutwa leo." Akamsogelea. "Careen, yule Twiga wa karatasi amechuja kwa sababu kila mtu anaye. Twiga kama wewe nani mwingine anaye? Usiende."

Simu ya Careen ikaita. Alikuwa Bwana Aniceti. Akaipokea huku akimwangalia Venance.

"Shikamoo. Samahani sana, siji. Hapana, Mashujaa hawajalala, mmewalaza nyie. Watu wa huku wananunua wanachokijua. Waambie kampuni watoe shujaa wa Manyara, mchunga ng'ombe na mkuki wake, na maandishi machache! Mimi nitawauzia hadi mkose pa kuchapia. Eeh. Hapahapa Babati."

"Unataka kuniua kibiashara," Venance akasema.

"Mchana tu."

Venance akajaribu kucheka, akashindwa, akachukua kipaza sauti. "Watu wa Babati, kabla sijaendelea na Kiboko, nataka kumtangaza..."

Kiganja kirefu kikafunika kipaza sauti.

"Hapa tangaza kadi," Careen akamwambia. "Mimi nitangaze kanisani. Na kwa jina la ubatizo."

Mahindi yalivunwa, mafundisho ya ndoa yakaisha. Jumapili moja katekista akasimama, akasoma jina la Venance wa Nakwa na jina la Careen wa Maisaka, akamalizia kama kawaida: anayejua kizuizi chochote amjulishe Paroko.

Nje ya kanisa Kandida alikuwa anawasubiri, mikono kiunoni.

"Kizuizi ninacho."

"Kipi tena, dada?" Venance akauliza, akimshika Careen mkono kwa nguvu.

"Alitangazwa Kiboko kwanza. Sasa nataka mjibu hapahapa: chipsi za harusi anakaanga nani?"