Maji Mdomoni mwa Dobi

Dobi alijaza maji mdomoni, akainama juu ya shuka jeupe, akayapuliza. Ndivyo alivyofanya siku zote kabla ya kupiga pasi. Maji yakatua kama umande. Lakini ndani ya umande ule kulikuwa na madoa ya kahawia.

"Ugoro huo," mkewe akasema. Alikuwa akikunja nguo pembeni. "Shuka la watu, baba watoto. Linarudi kufuliwa."

"Ulibaki kidogo kwenye fizi."

"Kidogo cha kila siku. Hebu niuone huo mdomo."

Tangu ujana wake Dobi aliweka ugoro, tumbaku ya kusaga, nyuma ya mdomo wa chini. Mkewe akauvuta mdomo ule kwa kidole, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasogeza uso karibu, akatazama tena.

"Kuna nini?"

"Pana weupe. Kama ngozi iliyokaa sana majini."

"Mbona hapaumi?"

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Kesho yake walikwenda zahanati. Daktari wa meno akapangusa pale peupe kwa pamba. Weupe haukutoka.

"Unatumia ugoro?"

"Natumia, daktari. Lakini sigara sivuti. Huu hauna moshi."

"Moshi hauna, lakini ni tumbaku ileile. Unaweza kuleta saratani ya mdomo. Sisemi unayo. Acha kabisa, urudi mwezi ujao. Weupe ukiondoka, vizuri. Usipoondoka, nitakata kipande kidogo kikapimwe."

Mke akaukumbatia mkoba wake.

"Na usiache peke yako," daktari akaongeza. "Wenzako wanaoacha hukutana hapa barazani kila Jumamosi. Njoo."

Dobi hakungoja Jumamosi. Alimfuata fundi viatu wa chumba cha pili, ambaye watu walimwita Gundi. Naye alikuwa mtu wa ugoro.

"Tuache pamoja," Dobi akasema. Wakapeana mkono. Lakini kila mmoja alijijua. Kulitupa kopo lake la ugoro hakuweza. Basi wakabadilishana. Dobi akatunza kopo la Gundi, na Gundi akatunza la Dobi.

Mchana haujaisha, kichwa kikaanza kumgonga Dobi. Mkewe alimuuliza habari ya mkaa tu, akafokewa. Pasi ikaunguza ukosi wa shati la mteja. Na kopo la Gundi lilikuwa palepale rafuni, nyuma ya sabuni. Akalifungua. Akabwia.

Aibu ikamshika. Akatema, akaenda kwa Gundi kumwambia ukweli. Akamkuta amegeukia ukutani, mdomo umemtuna.

"Ndugu yangu," Gundi akasema kwa shida, "wako mkali kuliko wangu."

Walicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Jumamosi wakaenda barazani.

Pale alikuwepo mama muuza mkaa, aliyekwisha kuuacha ugoro. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kila mmoja alipata ugoro wa bure," akasema. Baraza zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Makopo yote mawili mkayamwage chooni, huku mnatazamana. Hamu itakuja. Ni kama uchungu wa kuzaa, unapanda, halafu unashuka. Kama hamuujui, waulizeni wake zenu. Ikipanda, jaza maji mdomoni na mwite mwenzako. Dakika chache tu, inapita."

"Na mtu akiteleza?" Gundi akauliza.

"Anarudi hapa. Hatumfukuzi mtu."

Wakamwaga. Kisha wakapatana: hamu ikimzidi Dobi, atagonga ukuta, na Gundi atajibu kwa nyundo.

Siku moja mteja alikuja kuchukua suruali yake. Akaegemea meza, akafungua kopo lake la ugoro. "Onja kidogo, fundi. Cha urafiki."

Harufu ikampanda Dobi puani. Mkewe alikuwa nje akianika. Mkono ukaanza kwenda wenyewe. Dobi akaupeleka kwenye kikombe, akajaza maji mdomoni, akagonga ukuta.

Kimya.

Akagonga tena. Kimya. Mteja alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili: mashavu yamevimba, jasho linamtiririka, na ngumi iko ukutani.

Mlango ukasukumwa. Gundi akaingia na kiatu kimoja mkononi, uzi ukining'inia. Akasimama kati ya Dobi na lile kopo.

"Lifunge, rafiki," akamwambia mteja. "Hapa tunaacha."

Akabaki amesimama hapo mpaka hamu ikashuka. Ndipo Dobi akayameza yale maji.

Mwezi ulipotimia, daktari aliuvuta tena ule mdomo. Akatazama kwa muda mrefu. Mke alisimama mlangoni, akiomba kimoyomoyo.

"Weupe umeondoka," daktari akasema. "Usiurudie ugoro, na uje nikutazame tena."

"Mungu ashukuriwe," mke akasema, na ndipo akakaa.

Jioni ile Dobi alijaza maji mdomoni, akapuliza juu ya shuka jeupe. Mkewe akainama, akalikagua kutoka pindo hadi pindo.

"Safi," akasema.

Dobi akagonga ukuta. Upande wa pili, nyundo ikajibu.