Udi wa Saa Nane na Ishirini

Saa nane na dakika arobaini mchana, Teu hakuwepo kwenye ndoano yake.

Wanasesere wengine wote walikuwa mahali pao, nyuma ya jukwaa la maji: joka, bata, mvuvi, wakulima wanne wenye kofia za majani, kila mmoja na mti wake mrefu wa mwanzi. Mti wa Teu nao ulikuwepo, umeegemezwa ukutani. Teu mwenyewe, kibonge wa mbao mwenye tumbo wazi na kicheko kisichokauka, ambaye kwa miaka sabini na kitu ndiye aliyefungua kila onyesho, alikuwa ametoweka. Aliyegundua ni Thoa, msichana wa miaka ishirini na miwili. Hakupiga kelele. Alitoka na kitambaa chake cha kufutia mkononi, akamwambia Bi Luyen, ambaye vijana wote pale humwita shangazi, "Shangazi, Teu hayupo," kwa sauti ya mtu anayeleta habari za mgonjwa.

Bi Luyen kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wageni viti. Kabla ya hapo alikuwa karani wa polisi wa kata kwa miaka kumi na tisa, akiandika maelezo ya wezi wa pikipiki na ya majirani waliogombania bomba. Mpaka leo akiambiwa jambo hutazama saa kwanza, kisha uso wa aliyemwambia.

Onyesho lilikuwa saa tisa kamili. Mbele, wageni mia tatu walikuwa wanaanza kumiminika kutoka upande wa ziwa. Mgeni akija Hanoi kwa siku mbili hupelekwa Hekalu la Wasomi, hunyweshwa kahawa ya yai, huzungushwa ziwani mpaka miguu imuume, halafu huletwa hapa akae aone mbao zikicheza juu ya maji. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mikono ya kumwendesha Teu ingekuwa ya Thoa.

Hilo halikuwa jambo dogo. Kwa vizazi vitatu siri ya Teu ilipita kwa watoto wa kiume tu, kwa sababu binti huolewa, na akiolewa huondoka na siri kwenda kwa watu wengine. Lakini Mzee Khoat, baba yake Thoa na mkuu wa kundi, hakujaliwa mtoto wa kiume. Miezi minane alimfundisha bintiye kusimama ndani ya maji ya kiunoni nyuma ya pazia na kuuendesha mti. Kilibaki kitu kimoja: uzi uliofichwa ndani ya Teu, unaopita kwenye mti na kumfanya ageuze shingo na kupunga mkono. Huo angeonyeshwa leo, dakika kumi kabla ya ngoma.

Meneja, Bwana Phach, alifika akihema, Mzee Khoat nyuma yake. Aliposikia, hakutafuta mbali. Ufunguo wa chumba anao nani? Thoa. Asubuhi nani alitapika kwa woga? Thoa. "Mtu anaogopa, anaficha mwanasesere, onyesho linaahirishwa. Hapo kuna fumbo gani?"

"Kutapika si wizi, Bwana Phach," alisema Bi Luyen. "Ingekuwa wizi, mimi ningefungwa kila nikipanda basi."

Meneja hakucheka. Alisema saa tisa ikifika bila Teu, msichana anatoka kwenye kundi na anakwenda polisi, na hatagusa tena mti wa mwanzi hapo. Thoa alikunja kitambaa chake mara nne, akakikunjua, akakikunja tena.

Bi Luyen aliomba dakika kumi na tano.

Alianza na Thoa. Mara ya mwisho alimwona Teu saa nane na robo, akamfuta vumbi, akamtundika. Kisha akapanda juu kuvaa suruali ya mpira, na mlango akauacha wazi kwa kuwa watu walikuwa wanaingia na kutoka.

Meneja akakumbuka mtu mwingine: Bon, mchonga vinyago, anayewauzia wageni Teu wadogo pale mlangoni. Mara ngapi ameomba afunguliwe tumbo la Teu wa kweli aone kilichomo? Na leo amekuja na gunia. Bon aliitwa, akalimimina gunia sakafuni bila kuombwa mara mbili. Wakatoka Teu kumi na wawili, kila mmoja wa ukubwa wa ndizi.

"Hesabuni," alisema. "Wote wanacheka, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea."

Bi Luyen alimwuliza mlinzi wa lango. Bon aliingia saa nane na dakika thelathini na tano, na alikuwa bado anabishana na mlinzi huyo wakati Thoa anatoka na habari. Akaambiwa aokote watu wake.

Ndipo Bi Luyen akauchukua ule mti mtupu, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha yake ilikuwa nzima. Uzi wa Teu haukukatwa. Ulikuwa umefunguliwa, ukazungushwa vizuri kwenye mwanzi, duara juu ya duara, kama mtu anayefunga kazi bila haraka.

Alimwita Thoa karibu. "Ungeambiwa umtoe Teu kwenye mti huu, ungefanyaje?"

"Ningekata, Shangazi. Sijaonyeshwa unapofungukia."

Na Bon? Angekata, au angeondoka na mti wote, mita tatu na nusu, barabarani mchana kweupe. Na meneja? Huyo hata kamba za viatu zilimshinda. Walioujua uzi ule walikuwa wawili tu katika jengo zima. Mmoja ni Mzee Khoat, na yeye tangu saa nane na dakika kumi alikuwa amesimama mbele akipigwa picha na wageni, meneja akiwa ubavuni mwake. Wa pili ni Thuan, mdogo wake, ambaye ndiye aliyemwendesha Teu kwa miaka thelathini, mpaka maji baridi yalipomla magoti na daktari akamkataza.

Thuan alikuwa amekaa juu ya sanduku la ngoma. Aliulizwa, akajibu pasipo kuinua kichwa kwamba saa nane na kitu alikuwa ng'ambo ya barabara akinywa chai ya barafu. Bi Luyen hakwenda kumwuliza mwuza chai. Alikuwa amesikia harufu.

Kwenye ukuta wa chumba kile kuna kimeza chekundu cha Babu wa Kazi, yule mzee wa kale aliyewaanzishia ufundi wao. Kina bakuli la majivu, sahani ya machungwa, na nyuma yake pazia dogo la hariri. Kila siku saa saba na nusu Mzee Khoat huwasha hapo vijiti vitatu vya udi, na kijiti kimoja huwaka dakika arobaini. Vitatu vile vilikwisha saa nane na dakika kumi, vikabaki vishina. Lakini katikati yao kulikuwa na kijiti cha nne, bado kinafuka. Bi Luyen alitazama saa: tisa kasoro dakika tano. Kijiti kilikuwa kimebaki sehemu moja ya nane. Kiliwashwa, basi, kama saa nane na dakika ishirini.

Katika nyumba ile hakuna anayeweka kitu kwa Babu, hata chungwa moja, bila kuwasha udi wa kuomba ruhusa. Na hakuna anayekiondoa mpaka udi uishe wenyewe. Bi Luyen alijua sasa Teu alipo, na hakunyoosha mkono. Aliwaita Thoa, baba yake, Thuan na meneja mbele ya kimeza.

"Sitauliza nani ameiba," alisema. "Nauliza nani amemwekea Babu kitu, saa nane na ishirini."

Kudanganya polisi, watu hudanganya. Pale mbele ya moshi, hakuna aliyejaribu. Thuan aliinuka, magoti yakimlia.

"Mwizi hawashi udi," alisema.

"Ndiyo maana sijakuita mwizi, kaka."

Meneja aliruka kulifungua pazia. Aliyemshika mkono wa shati ni Thoa. "Bado haujaisha, Bwana Phach. Kama umeniona mwizi tangu mwanzo, nione mwizi dakika tano zingine."

Wakasubiri. Nje, wapiga ngoma walikwisha anza, na Mzee Khoat akatuma neno waendelee mpaka waambiwe. Katika kusubiri huko Thuan alisema yaliyokuwa yamemkaa. Hakumchukia msichana. Alitaka onyesho moja tu lishindikane, kaka yake aje kumwuliza. "Miaka thelathini nimesimama kwenye maji yale. Siku ya kumpa mtu mwingine Teu, nilisikia kwa mpishi."

"Nilikuogopa," alisema Mzee Khoat. "Nilijua utasema binti haruhusiwi."

"Ningesema. Halafu ungeniomba."

"Nakuomba sasa. Na wewe mwombe radhi mtoto, maana ulikaa juu ya sanduku ukimsikia akiitwa mwizi."

Thuan alimgeukia Thoa. Alisema amekosa, na hakutafuta kisingizio. Meneja naye akasema kitu kinachofanana na hicho, akiangalia saa yake.

Saa tisa na dakika moja, majivu ya mwisho yalidondoka. Mzee Khoat alivuta pazia. Teu alikuwa amelala pale, amefungwa ndani ya sweta la Thuan, kicheko kikichungulia kwenye kola.

Kumfunga kwenye mti kungemchukua Mzee Khoat robo saa, macho yake yakiwa mabovu. Thuan alihitaji dakika moja. Alichukua mti, akawapa wote mgongo, kama alivyofundishwa na baba yake, na baba yake alivyofundishwa na babu. Akasimama hivyo kidogo. Kisha akageuka.

"Sogea," alimwambia Thoa. "Tazama kidole hiki. Nafanya mara moja tu."

Alifanya mara tatu, polepole, huku ngoma nje zikianza upya.