Jina la Mama kwenye Fomu

Kitu cha kwanza Tausala alichokiona ni vichupa vya damu. Havikuwa na majina, ila vistari vyeusi vya namba ya siri tu. Wanawake wa kamati ya kijiji walikuwa wameacha mikeka waliyokuwa wakisuka nusu, wamepanga foleni.

"Nesi, unanyonya damu kuliko mbu!" alitania Mama Fuatino.

"Mbu haleti majibu, mama. Mimi nitaleta," alijibu Nesi Pelenise.

Akawaeleza. Ndani ya damu kuna vinasaba, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Wataalamu hulinganisha vinasaba vya maelfu ya watu na magonjwa ya koo zao.

"Damu ya mtu mmoja haisemi mengi. Ya maelfu huonyesha ugonjwa unaorithiwa, na dawa ya kuuzuia. Majina tunayaficha, lakini habari za ukoo ziwe za kweli."

Akamgeukia Tausala. "Upande wa mama yako, kuna aliyekufa ghafla kwa moyo?"

"Kwetu?" Mama Fuatino alidakia. "Kwetu tunazeeka mpaka tunachosha watu!"

Wanawake wakaangua kicheko. Nesi akaandika: hakuna.

Tausala aliinamisha kichwa. Fuatino alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu siku ya tatu ya kuzaliwa. Aliyemzaa ni Vaosa, mke wa kaka yake Fuatino. Vaosa alianguka shambani akichimba majimbi, akafa na miaka thelathini na minne. Mama yake Vaosa alikufa vivyo hivyo. Kijiji kizima kilijua, lakini kulisema hilo mbele ya mlezi ni kumvunjia heshima.

Kesho yake asubuhi alikwenda zahanati peke yake.

"Nesi, ile fomu… mama aliyenizaa ni mwingine."

Nesi alisikiliza, akasahihisha. "Umefanya vyema. Uongo mmoja hupotosha hesabu ya wengi. Na hatari yako wewe tusingeiona."

Majibu yalipokuja, Tausala, mwembamba kama ufito, alikutwa na mafuta mengi mno kwenye damu. Alikuwa amerithi hali hiyo kwa Vaosa, nayo huziba mishipa ya moyo. Alipewa kidonge cha kumeza kila siku. Dada yake, aliyelelewa na Vaosa mwenyewe, naye alipimwa, akaanza dawa. Baada ya miezi mitatu mafuta yalikuwa yameshuka.

Siku hizo ni Mama Fuatino, aliyekwisha kusikia habari za fomu, aliyekuwa akimletea maji ya kumezea.

"Nesi umemwambia," alisema siku moja, kikombe mkononi. "Mimi mbona ulinificha?"

Tausala alimeza kidonge kwanza.

"Niliogopa, Mama, kwamba nikimtaja aliyenizaa, utaacha kuniita ‘mwanangu’."