Sindano ya Tatu

"Nyoka yuko kwenye kapu," sauti ya Mkuu ilisema kwenye simu.

Kalunde alibana simu kwa bega na kuendelea kupanga meza. "Kapu gani?"

"Ndege ya barua. Hapo Makindu, saa nne. Mmoja wa abiria wako ametumwa kummaliza Musyoka. Hana bunduki. Atatumia kitu cha kawaida."

"Basi hao wengine wabaki chini."

"Ukiwabakisha, nyoka anarudi shimoni. Namtaka hai. Aniambie Ndululu amejificha wapi."

"Na Musyoka?"

"Ndiyo maana uko hapo."

Simu ikakatwa.

Kalunde aliudhika. Mkuu alikuwa na kiti cha kuzunguka huko Nairobi. Musyoka alikuwa na shingo moja tu.

Ulikuwa mwaka 1978, uwindaji umeshapigwa marufuku. Ndululu alikuwa akisafirisha pembe za ndovu chini ya magunia ya kunde, na dereva wa lori alikuwa Musyoka. Sasa dereva alitaka kusema yote mahakamani, alasiri hiyo hiyo. Barabara ya Mombasa ilikuwa imeviziwa na watu wa Ndululu, kwa hiyo angekwenda kwa ndege.

Kalunde alikuwa jasusi wa serikali. Asubuhi hiyo alikuwa karani wa ndege, kwenye kibanda cha mabati kando ya uwanja wa vumbi. Chini ya sweta yake kulikuwa na bastola, Beretta ndogo. Haikuwa na kazi kubwa. Huko juu, risasi moja ikimpata rubani mnashuka wote.

Abiria walikuwa watatu.

Wa kwanza kufika mezani alikuwa Abdow, mfanyabiashara wa mifugo, mwili kama ghala. Kwenye mfuko wake Kalunde alitoa kisu, wembe na kopo la dawa ya mbu ya kupuliza.

"Hii kisu iko na makosa gani?" Abdow aliuliza. "Mimi nachinja mbuzi nayo tangu Garissa."

"Mzee, huko juu hakuna mbuzi."

Abdow alifikiri. "Hiyo nayo ni kweli," alisema, akakiacha.

Siku hizo watu hawakuwa wamezoea kupekuliwa. Mtu ukimgusia mfuko, ilikuwa kama umemwita mwizi.

Wa pili hakulalamika hata kidogo. Alikuwa Mama Mbinya, kitambaa cheupe kichwani, anakwenda Nairobi kumwona mjukuu. Alitoa mkasi mwenyewe. Alitoa chupa ya mafuta ya taa. Kwenye kiondo kilibaki kisweta cha mtoto, nusu, kikiwa kwenye sindano mbili za kufumia. Ya tatu ilichomekwa kwenye donge la uzi, ncha yake imezungushiwa kingozi chembamba.

"Mwaitu, mama yangu, na hizi sindano?"

"Mwana wakwa, nikikosa kufuma hiyo ndege itaniua na woga. Hiyo ingine ni ya akiba. Hizi za plastiki zinavunjikanga."

Kalunde aligusa ncha moja kwa kidole gumba. Butu. Kile kingozi alikiona kama kizibo, maana wafumaji huvalisha sindano vizibo ili vitanzi visichomoke. Akamkumbuka mamake mzazi huko Kitui, na akarudisha kiondo. Kwenye kazi hii, huruma humponza mtu hivyo.

Wa mwisho alikuwa Musyoka mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikumbatia sufuria ya isyo iliyofungwa kwa leso, mahindi na maharagwe ya mke wake.

"Hii pia si mnakataza?" aliuliza.

"Inategemea."

"Dada, kama ni kufa leo, nife nimeshiba."

Kalunde alikoroga mpaka chini kwa kijiko. Hakukuwa na kitu ila chakula. Alimwachia.

Kisha mambo yakaharibika.

Rubani, kijana mmoja aitwaye Jonah, alipanga watu kwa uzito. Abdow safu ya katikati, kulia. Musyoka kando yake. Mama Mbinya nyuma, mgongoni kwa Musyoka. Karani mbele, kando ya rubani.

"Nikae nyuma," Kalunde alisema.

"Kwa ndege yangu mtu hajipangi," Jonah alijibu.

Kubishana zaidi kungemfichua. Alipanda.

Cessna ilikimbia, ikaruka, ikaiacha reli na paa za Makindu chini. Kalunde alivaa visikizio vya redio. Alitoa kikopo cha poda, akakifungua, akajitazama pua. Kioo chake kilimwonyesha wote walio nyuma.

Abdow alisinzia. Musyoka alitazama nje. Mama Mbinya alifuma.

Vilima vilipita. Kalunde alimtazama Abdow mpaka macho yakamuuma. Mtu wa mwili ule hahitaji silaha. Ana mikono.

Kisha Mama Mbinya akaacha kufuma.

Alivuta sindano ya tatu kutoka kwenye donge la uzi. Polepole, kwa kucha, akaanza kufungua kile kingozi.

Kalunde alisogeza kioo karibu. Sindano ile haikuwa na kitanzi hata kimoja. Kizibo kilikuwa kinazuia nini?

Na kilivyozungushwa. Hivyo ndivyo babu yake alivyofunga mishale, kwa ngozi ya paa iliyokatwa nyembamba, ili sumu isikauke na isimchome mwenye podo. Chini ya ngozi ile ncha ilianza kuonekana, imechongwa kali, nyeusi kama lami.

Sumu ya mshale. Mkwaruzo mmoja, na dereva hafiki mahakamani.

Alisogeza maikrofoni ya visikizio mdomoni. "Jonah. Nikikugusa goti, shusha pua ya ndege."

"Dada, watu watatapika."

"Watapike."

Kioo kilionyesha kingozi kikianguka. Mkono ukapanda nyuma ya shingo ya Musyoka.

Kalunde aligusa goti.

Ndege ilizama. Mkono wa Mama Mbinya ulipepesuka. Sufuria iliinuka yenyewe kutoka kwenye mapaja ya Musyoka, na Kalunde, amegeuka juu ya kiti, akaidaka kwa mikono miwili na kuisukuma nyuma ya shingo ile.

Tak.

Sindano iliteleza juu ya bati.

"Abdow! Shika mkono. Usiguse ncha."

Abdow aliamka na hakuuliza. Alikamata kile kifundo cha mkono kama anayeshika mbuzi, mpaka sindano ikaanguka. Kalunde aliibana kwa kikopo cha poda na kukifunga ncha ikiwa ndani. Kisha mama akafungwa mikono kwa uzi wake mwenyewe.

Isyo ilikuwa imemwagika kila mahali. Musyoka alikuwa na maharagwe kwenye nywele.

"Ni nani amekutuma?" Kalunde aliuliza.

Mama Mbinya alilia bila sauti. "Ndululu amefungia kijana yangu. Amesema dereva akiongea, kijana anakufa."

"Wapi?"

"Kwa Vonza. Ghala ya mbao, nyuma ya soko."

Kalunde alichukua redio. "Mkuu. Kwa Vonza, ghala ya mbao nyuma ya soko. Kijana kwanza. Pembe baadaye."

"Pembe ndizo—"

"Kijana kwanza. Ama huyu mama hasemi kortini, na mimi pia nanyamaza."

Redio ilikwaruza. Kisha, "Sawa."

Nairobi, walingoja chini ya bawa, juani, pingu mikononi mwa Mama Mbinya. Musyoka alikataa kuingia gari la mahakama kabla ya kusikia habari za kijana. Mwishowe redio ikakoroma.

"Kijana amepatikana. Ana njaa tu. Ndululu tumemshika akifungua lango."

Mama Mbinya aliketi chini kwenye lami.

"Huyo mjukuu yuko kweli?" Kalunde alimuuliza.

"Yuko. Ni mtoto wa huyo kijana."

Konstebo alikuja na kiondo, akatoa kile kisweta. "Hizi sindano haziruhusiwi rumande. Ni silaha."

Kalunde alivichukua, kisweta na sindano zake mbili. Alijaribu ncha kwa kidole gumba, moja, kisha nyingine, safari hii bila haraka. Akaviweka mapajani mwa mama.

"Hizo nimezikagua mimi," alisema.

Akafunga vifungo vya sweta yake na kuondoka.